Ombi la Kurejeshewa Mtabiri Anayekosea

Kilbarra,
Mayo.
Jumapili, baada ya misa, mwezi wa Oktoba.

Kwa Mkurugenzi,
Redio Sauti ya Magharibi.

YAH: UTABIRI WENU WA WIKI IJAYO KUWA WA KWELI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na tafadhali usikisome mara ya pili ukidhani mama wa watu amekosea kuandika. Sijakosea. Mimi ni Attracta Durcan, mjane wa marehemu Packie Durcan wa barabara ya mlimani, na ni msikilizaji wenu tangu redio yetu ilipokuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Sijawahi kuwalalamikia. Mlipopiga wimbo uleule wa kodiani kiangazi kizima, nilinyamaza. Mlipotangaza kifo cha Packie mkataja kijiji kisicho chetu, na nusu ya waombolezaji wakaenda kugonga kwenye nyumba isiyo na msiba, nilinyamaza pia, maana walipewa chai na keki huko na wakarudi wakisema wale ni watu wakarimu sana.

Lakini hili la sasa limenifika shingoni. Kwa ufupi, ndugu yangu, utabiri wenu umeanza kuwa wa kweli, na parokia yetu inaharibika.

Unajua vizuri kwamba mpaka mwanzoni mwa mwaka huu, aliyetusomea hali ya hewa ya wiki nzima kila Jumapili baada ya kipindi cha wakulima alikuwa Bwana Fergal Tolan. Mzee yule hakuwa akipatia. Wala hakukosea kwa mpango, kwamba akisema jua basi sisi tubebe makoti na mambo yaishe. Hapana, hata kukosea kwake hakukutabirika. Alikuwa akiizunguka nchi nzima vizuri, mashariki, kusini, kaskazini, na akifika kwetu anakohoa, anasema, "Na huko magharibi, eeh, mchanganyiko," kisha anatutakia mlo mwema wa mchana. Tulimpenda. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mkamstaafisha, mkamleta Daktari Nessa Heverin. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: binti ana sauti nzuri, hapayuki, na jina la kijiji chetu analitamka sawasawa. Tatizo ni kwamba anajua. Majira yenyewe ni haya ya majani kupukutika, ambayo tangu enzi za babu zetu hayana mwenyewe. Asubuhi jua, ukimaliza kuanika mvua ya mawe, ukimaliza kuanua upinde wa mvua, na ng'ombe amesimama katikati ya shamba hajui upepo aupe kichwa au aupe mkia. Kama kuna wakati ambao binadamu hapaswi kuijua kesho yake, ni huu. Naye Daktari anaketi huko studio, anatuambia manyunyu yatashuka Jumanne alasiri yakitokea baharini, na Jumanne alasiri yanashuka, yakitokea baharini.

Naomba sasa nieleze madhara, moja baada ya jingine, kama ustaarabu unavyotaka.

1. SALAMU ZIMEKUFA. Sisi huku hatuulizani "hujambo". Hilo ni swali la daktari wa hospitali, na ukimuuliza mtu kuna hatari akakujibu. Sisi tunasalimiana kwa hali ya hewa. Mmoja anataja, mwingine anakubali. Hata kama maji yanakuchuruzika mgongoni, mwenzako akisema, "Si siku mbaya sana hii," wewe unasema, "Si mbaya hata kidogo, ashukuriwe Mungu." Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo.

Na juu ya adabu hiyo tulikuwa na Bwana Tolan wa kumsema. Ungeingia dukani kwa Tuohy siku yoyote ungesikia:

"Walisema kutakauka!"

"Walisema, hao!"

"Waongo!"

"Waongo wakubwa! Nimefua mashuka!"

Ndugu, hayo yaliponya watu. Kina Sweeney wawili, Enda na Colm, mtu na mdogo wake, waligombana zamani kwa sababu ya mtaro wa mpakani, wakaapa kutosemeshana mpaka kaburini. Lakini walikuwa wakikutana dukani wote wamelowa, Enda anamwambia mwenye duka, "Yule Tolan apelekwe mahakamani," na Colm anaiambia rafu ya sabuni, "Na mimi nitakuwa shahidi." Hayo kwao yalikuwa mazungumzo. Mke wa Colm aliniambia siku za namna hiyo mumewe alikuwa anarudi nyumbani anapiga mluzi.

Sasa unasikia nini? "Walisema itanyesha." "Naam, imenyesha." Basi. Watu wanabaki kutazamana viatu. Juzi nilimwona Enda kasimama mbele ya sabuni peke yake, na roho iliniuma.

2. HAKUNA TENA KISINGIZIO. Mwanadamu anahitaji kisingizio kama anavyohitaji chumvi. Zamani neno "nilidhani itanyesha" lilikuwa na nguvu ya cheti cha daktari. Hukwenda kwenye mazoezi ya kwaya? Ulidhani itanyesha. Hukupaka rangi geti? Hukuchimba viazi vya shangazi? Ulidhani itanyesha, na hakuna aliyeweza kukuuliza zaidi, kwa kuwa hata yeye alidhani.

Nina wifi, Dympna, dada wa marehemu mume wangu. Nampenda kama mtu anavyoipenda sindano ya tetenasi: inauma na inafaa. Miaka yote mvua ilitugawia wifi Dympna kwa kiasi. Sasa ananipigia simu Jumapili hiyohiyo, utabiri haujapoa: "Wifi, Alhamisi kukavu mpaka jioni, Daktari kasema. Nakuja." Nami niseme nini? Anakuja. Anakaa. Anapitisha kidole juu ya kabati, anakitazama, hasemi kitu. Halafu anasema.

3. SIKU KAVU NI MOJA, NA SOTE TUNAIJUA. Katika wiki ya majira haya ukipata siku moja ya kukauka umebarikiwa. Zamani kila mtu aliikisia yake. Huyu alianika Jumatatu akalowa, yule alipanda juu ya paa Ijumaa akashuka mbio, na barabara ilibaki wazi. Leo Daktari akisema ni Jumatano, basi Jumatano parokia nzima inatoka nje kwa pamoja kama siafu. Matrekta yanayobeba udongo wa kinamasi, ambao ndio kuni zetu za mwaka, yanakutana yote kwenye daraja moja na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Mashuka yanapepea kila kilima. Wanaume wako juu ya mapaa wanapeana salamu paa kwa paa, na ugomvi wa kumgombania fundi wa mabomba ya moshi ni afadhali usiusikie.

Hata wafu wameingia katika ratiba. Mzee Jarlath Munnelly, Mungu amrehemu, alikuwa kitandani na daktari alishasema ni suala la siku tu. Jumapili alisikiliza utabiri mpaka mwisho, akaomba redio izimwe, akafariki jioni ili azikwe Jumatano. Makaburini hakuna aliyelowa. Watu walisema, "Mtu mwenye adabu mpaka dakika ya mwisho," nami nilikubali, lakini nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba mambo yamefika mbali.

4. IMANI IMETETEREKA. Padre Ultan alikuwa akituombea hali nzuri ya hewa kila msimu wa mavuno, nasi tukilowa tunasema Mungu ana sababu zake. Sasa anasikiliza Daktari kwanza. Jumapili iliyopita alisali akiomba "ukavu wa wastani katikati ya wiki, pamoja na vipindi vya jua kwenye maeneo ya miinuko." Sala zake zote zinajibiwa. Hilo linatutia shaka.

5. Ndugu Mkurugenzi, manne ya kwanza ningeweza kuyavumilia. Hili la tano ndilo lililonishikisha kalamu, na nakuomba ulisome ukiwa umeketi.

Nina jirani anaitwa Mattie Loftus. Hajawahi kuoa. Si kwamba alikataa; alikuwa na mama wa kutunza, kisha na ng'ombe, kisha miaka ikawa imepita. Malisho yake ya juu yako nyuma ya nyumba yangu, kwa hiyo kila asubuhi hupita getini kwangu. Tangu Packie atangulie, Mattie alikuwa akisimama pale. Anaweka kiwiko juu ya nguzo ya geti, hanitazami, anatazama mlimani, tunaanza.

"Walisema jua."

"Walisema, Mattie."

"Halipo."

"Halipo kabisa."

"Ila kuna kamwanga kale, kule mlima Nephin, unakaona?"

"Nakaona."

"Hako kanaweza kuja huku."

"Kanaweza, Mattie, Mungu akipenda."

Wewe mtu wa mjini utasema hayo si kitu. Huku kwetu hayo ni mengi. Mwanaume asiye na mke hawezi kusimama kwenye geti la mjane akaongea lolote lile. Watu wana macho na mapazia yana matundu. Hali ya hewa ndiyo peke yake haina lawama. Kwa hiyo mtu akiwa na jambo moyoni, analipitishia humo, na mwenye masikio anasikia. Mattie akisema, "Baridi inaingia, jirani," nilijua nikizunguka nyuma ya banda nitakuta rundo la udongo mkavu wa kuchoma limepangwa vizuri ukutani. Akisema upepo umehamia kaskazini, nilijua ameshatazama bati langu na kulipigilia. Na siku Packie alipotimiza mwaka, asubuhi yenye ukungu mzito, alisimama kitambo kirefu kuliko kawaida, akasema, "Umekaa sana leo huu ukungu. Lakini huwa unaondoka, jirani. Huwa unaondoka." Niliingia ndani nikalia mpaka nikatosheka, na tangu siku hiyo nikaanza kula vizuri.

Wiki ya mwisho ya Bwana Tolan, Mattie alifika getini upepo unavuma kweli, maana Tolan alikuwa ameahidi utulivu. Akasema, "Huu si upepo wa mtu kukaa peke yake ndani ya nyumba." Kisha akawa mwekundu mpaka masikioni, akawafuata ng'ombe ambao walikuwa wameshafika bila yeye. Mimi nikasema moyoni, dalili ya mvua ni mawingu; sentensi hii ina nduguye, na nduguye yuko njiani.

Ndugu Mkurugenzi, nduguye hakufika. Alifika Daktari Heverin.

Miezi ya kwanza Mattie aliendelea kusimama, maskini. Kiwiko juu ya nguzo. "Walisema manyunyu saa hizi." Tunangoja. Manyunyu yanaanza. "Haya basi," anasema Mattie, na anaondoka. Hakuna wa kumlaumu, hakuna wa kubishana naye, hakuna kamwanga ka kukatafuta mlimani, kwa kuwa Daktari ameshatuambia kamwanga katakuja lini na katakaa kwa muda gani. Mwezi Septemba akaacha kusimama. Sasa anapita juu ya trekta, na akifika usawa wa geti ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kidole kimoja! Ni salamu ya heshima, sikatai, wanaume wote huku wanapeana hiyo barabarani, hata na watu wasiowajua. Na hilo ndilo linaloniuma. Mimi si mtu asiyemjua.

Wifi Dympna ananicheka. "Mtu ana shamba, ana ng'ombe, ana meno yake mwenyewe," ananiambia, "na wewe umekaa hapo unangoja akwambie nini? Mwite ndani, mpe chai!" Anasema hivyo kwa sababu yeye aliolewa mjini. Hapa mwanaume haitwi ndani hivihivi. Anaingizwa na mvua. Ni lazima imnyeshee ghafla akiwa mlangoni kwako, hana koti, naye akatae mara mbili, ndipo akubali mara ya tatu. Kwa miaka yote ya Bwana Tolan mvua ya namna hiyo haikukosekana, na mara moja ilimfikisha Mattie mpaka chini ya upenu wangu, akasimama pale anadondosha maji, nami nikampa taulo. Mvua ikakatika mapema, bahati mbaya. Lakini sasa Mattie halowi tena. Anakuja na koti siku ya koti, na siku isiyo ya koti hakunyeshi. Ataingiaje ndani mtu mkavu?

6. NIMEGOMBANA NA MTU NINAYEMTHAMINI. Nilijaribu kujisaidia mwenyewe. Wiki iliyopita nilisimama katikati ya njia mpaka trekta ikapunguza mwendo, nikasema, "Mattie, mimi naona itanyesha." Ilikuwa wazi ninachotaka: aseme naye anaona hivyo, tuendelee kutoka hapo. Yeye akanijibu, "Hapana, jirani. Daktari kasema kukavu mpaka Ijumaa."

Alinikatalia! Katika parokia hii, tangu ijengwe, hakuna aliyewahi kumkatalia jirani hali yake ya hewa. Ungeweza kusema theluji inaanguka mwezi wa saba, katikati ya kiangazi chetu, wangekwambia, "Inaanguka kidogo, ni kweli." Nikageuka, nikaingia ndani, nikaubamiza mlango, kisha nikauonea huruma mlango. Na Ijumaa, kama ulivyokwisha kudhani, ndiyo kwanza ikanyesha.

Sasa, kwa kuwa mtu anayelalamika bila kupendekeza ni sawa na mbwa anayebwekea mwezi, nayaweka mapendekezo yangu mbele yako kwa unyenyekevu:

(a) Bwana Fergal Tolan arejeshwe kazini. Kama afya yake hairuhusu mwaka mzima, basi arejeshwe kwa majira haya tu ya majani kupukutika. Sisi tutamtunza. Wanawake wa kwaya wako tayari kumfumia soksi.

(b) Ikishindikana, Daktari Heverin akosee kwa makusudi walau mara mbili kwa wiki, asubuhi, kwenye eneo la barabara ya mlimani tu. Sitaki kuiharibu nchi nzima. Manyunyu ya mara moja yasiyotangazwa yananitosha, ila yawe ya nguvu kidogo na yasikatike mapema.

(c) Kama dhamiri yake ya kisomi inamkataza kusema uongo, basi afikapo magharibi akohoe.

(d) Kama hata kukohoa hawezi, mwache atangaze ukweli wote, lakini muda huo mtukatie umeme. Ofisi ya umeme nitaiandikia mimi mwenyewe.

Najua utasema wapo wakulima wanaofaidika na utabiri wa kweli, na wavuvi, na watu wanaosafiri. Nakubali. Nyasi za watu zimeingia ghalani kavu mwaka huu kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Lakini nyasi, ndugu yangu, hazijui upweke. Mimi naishi katika nyumba yenye vikombe sita na natumia kimoja. Nimezoea mambo mengi tangu Packie aondoke: kitanda kikubwa, kuku mzima wa kula wiki nzima, na kuzungumza na birika. Nilikuwa na dakika chache kila asubuhi za mtu kuniambia kwamba walikosea. Nilikuwa naziamkia. Hicho ndicho mlichonichukulia, na sidhani mlikusudia.

Nakushukuru kwa muda wako. Msalimie Daktari Heverin na umwambie sina kinyongo naye; angekuwa binti yangu ningejivunia, ila ningemshauri asiwe anasema kila anachokijua. Msalimie Bwana Tolan popote alipo, natumaini hajalowa. Wasalimie mafundi wa mitambo, na anayeendesha kipindi cha wakulima, na yule dada anayesoma matangazo ya vifo, umwambie asiniharakishe.

Wako katika mawingu kiasi na vipindi vya jua,

Attracta Durcan (Bibi)

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, leo ni Jumatatu jioni. Barua hii haikufika posta, na naomba uisome kuanzia hapa kwenda chini, ya huko juu uyasamehe.

Daktari alisema Jumatatu itakuwa siku tulivu. Hakuna mvua, hakuna upepo, hakuna jua la kusifia wala baridi ya kulalamikia, mbingu nyeupe tu toka asubuhi hadi jioni. Ikawa hivyohivyo. Nilikuwa nimesimama getini na bahasha mkononi, namngoja mtu wa posta, trekta ikaja. Kidole kikanyanyuka. Trekta ikapita. Halafu ikasimama, ikarudi kinyumenyume, na injini ikazimwa.

Mattie akashuka, akaweka kiwiko juu ya nguzo, akatazama mlimani. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Hakukuwa na wingu lililozidi jingine.

"Hakuna la kusema hapo juu, jirani," akasema.

"Hakuna, Mattie."

"Binti kalimaliza lote."

"Kalimaliza."

Kisha akavua kofia, na nakuapia sikujua kwamba ana mvi nzuri vile.

"Basi sina tena pa kujificha," akasema. "Attracta, nimechoka kupita hapa. Nataka niwe nafika."

Miaka yote hiyo nilidhani mvua ndiyo itakayomleta. Kumbe alikuwa anajificha nyuma yake. Nilimwambia aingie ndani, na aliingia mkavu kabisa, hata hakukataa mara moja. Tulitumia vikombe viwili na cha tatu kwa ajili ya mtu wa posta, ambaye alikuta hakuna barua ya kuchukua akabaki kula mkate.

Kwa hiyo, ndugu, (a) mpaka (d) nayafuta. Mwacheni Bwana Tolan apumzike. Amekosea vya kutosha. Wifi Dympna nilipompigia simu alisema tu, "Kaka angesema mmechelewa," akakata simu akalia, nadhani.

Nina ombi moja tu limebaki. Padre Ultan, tuliyemwendea alasiri hiihii, ametupa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Januari tufunge ndoa. Sanamu ya Mtoto Yesu tutaitoa nje usiku wa kuamkia harusi, tuiweke chini ya ua wa miti kama ilivyo desturi kwa mtu anayetaka jua, lakini mimi na Mattie tumezungumza na tungependa kusikia pia kutoka kwa Daktari Heverin. Najua utabiri wake ni wa wiki moja, na huu ni wa miezi. Muulize tu, kwa heshima zangu zote. Akiona mvua, aseme mvua, tutaoana tukilowa. Ila tafadhali sana, safari hii asikosee.